Kalamu Imeisha Wino

3 Machi

Mpwa wangu Kipaza,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Sisi huku tu wazima. Mke wangu anakusalimu, anasema safari hii ukija uje na mwili, siyo ile mifupa uliyotuletea mara ya mwisho. Mwambie mama yako kwamba kitambaa chake cha kijani nimekwisha kukishona na nimekituma. Gauni likimbana asiseme kaka amekosea kupima, ajitazame kwanza. Goti lake linaendeleaje? Na wewe, pole na mvuke wa mashuka ya watu.

Usinijibu kwa simu. Ukipiga naona kioo kinawaka tu, basi. Na meseji zako ni fupi kama kikohozi. Niandikie barua.

Masikio yangu yameondoka, Kipaza. La kushoto lilitangulia, la kulia likaona halina sababu ya kubaki peke yake. Ninyi wa nyumbani mnajua. Wateja hawajui, na sitaki wajue. Nani atampelekea kitambaa chake fundi anayeambiwa "legeza" akasikia "tengeneza"? Nawatazama midomo. Wakinipa mgongo, nawasoma kwenye kioo cha kujipimia. Mpaka leo hakuna aliyenishtukia.

Sasa lililonikalisha kuandika. Kalamu ametoa albamu mpya. Baada ya kimya chote kile, mwanamke huyu ameimba tena, na mimi niliyemshonea kila gauni alilopandia jukwaani siwezi kuusikia hata wimbo mmoja. Nimeweka simu kwenye sikio, nikapata kitu kama mchanga ndani ya kopo. Mke wangu nikimuuliza anasema "nzuri". Kwake hata supu ni nzuri, hata mvua ni nzuri.

Wewe nilikufundisha nyimbo zake ukiwa huwezi kufunga viatu. Ulikuwa unasimama juu ya meza yangu ya kukatia, unaimba mpaka majirani wanafunga madirisha, ndiyo maana tukakuita Kipaza. Basi niazime masikio yako. Sikiliza yote, uniambie ilivyo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nataka ukweli.

Mjomba wako, Fundi


22 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na mpe mkaza mjomba shikamoo yake. Barua yako ilifika ikiwa na uzi mweupe umenasa kwenye gundi, nikajua imetoka mezani kwako hata kabla ya kusoma jina. Mama amecheka habari ya gauni, halafu akanuna, halafu akalivaa. Linambana. Goti lake siku za baridi linamtesa, siku nyingine analisahau.

Mimi niko palepale, chumba cha kufulia cha hoteli. Mashine za kukaushia zinanguruma kuanzia asubuhi, na sisi tunaongea kwa kupiga kelele kama watu waliogombana. Redio iko juu ya kabati la sabuni.

Sasa hiyo albamu. Mjomba, huku imetugawa. Tuna kundi letu la mashabiki kwenye simu, unalijua, lile la Mwenyekiti, yule muuza viatu. Siku albamu ilipotoka hakuna aliyefanya kazi. Wengine walisema wamelia, ndicho walichokuwa wakikingoja miaka yote. Wengine walisema wameibiwa. Mwenyekiti mwenyewe aliandika, "Huyu siye tuliyempenda, huyu ni mama yake." Hakuna wimbo hata mmoja wa kucheza. Anaimba chini, pole pole, kama anaongea na mtu aliyelala.

Uliniomba ukweli, nakupa. Sauti imekwisha, Mjomba. Kile kilele alichokuwa akikipanda zamani hakifikii tena, na wala hajaribu. Ule unaoitwa "Sikuaga" ndio mbaya kuliko zote. Unangoja uanze, unakwisha. Mimi niliandika kwenye kundi: "Kalamu imeisha wino." Mjomba, usiombe! Watu walicheka mpaka wakalipeleka neno hilo redioni, mtangazaji akalisoma hewani. Sasa ukipita sokoni unalisikia. Juzi nimemsikia mtu nisiyemjua akimwambia mwenzake, "Kalamu imeisha wino," nikataka nimwambie, huyo ni mimi!

Najua itakuuma. Lakini wewe ndiye uliyesema usipakwe mafuta.

Mpwa wako, Kipaza


10 Aprili

Kipaza,

Salamu kwenu. Huku ni heri tu. Pedali ya cherehani inalia, anasema mke wangu, mimi nitajuaje.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Umenisaidia kuliko unavyojua. Ndiyo maana nilikuuliza wewe na si mwingine: najua ulikaa chini ukasikiliza kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa masikio mawili, kama nilivyokufundisha. Mtu wa namna hiyo akisema jambo, mwenzake anaweza kulisimamia.

Kalamu alipita dukani wiki ile ile. Kulikuwa na magauni ya ziara ya kumjaribisha. Tuliongea kidogo.

Magauni yamesimama kwa sasa. Nina kazi nyingine, mapazia ya watu.

Msalimie mama yako. Mwambie gauni nitalitanua kwenye mishono ya pembeni, kuna nafasi ya kutosha.

Mjomba wako


6 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua nimekawia. Ningeweza kukuambia ni goti la mama, na kweli lilivimba, tukaenda hospitali, sasa anatembea. Ningeweza kusema ni kazi, na kweli hoteli ilijaa wageni. Lakini ukweli ni kwamba kila nikishika karatasi nilikuwa naona lile neno lako, "kwa masikio mawili," nikaiweka chini.

Mjomba, sikuisikiliza.

Siku ile ilipotoka niliiwasha redioni pale kazini, mashine zote zikinguruma. Nilisikia wimbo wa kwanza vipande vipande. Wa pili nikausikia nusu, msimamizi akaniita. Nilipochukua simu wakati wa chakula, Mwenyekiti na wenzake walikuwa wamekwisha kuhukumu, na wanaosema ni mbaya ndio waliokuwa wanachekesha. Nami unanijua. Nilitaka nichekeshe kuliko wote. Nikaandika lile neno la wino. Huo "Sikuaga" niliokuambia ndio mbaya kuliko zote sikuwa nimeusikia kabisa. Niliwasoma wengine wakisema hivyo. Barua yako ilipokuja, jina langu lilikuwa limekwisha kupanda, nikaona haya kurudi kusikiliza, nisije nikakuta nimekosea.

Wiki iliyopita umeme ulikatika. Mashine zote zikanyamaza kwa mpigo mmoja. Ukizoea kelele, kimya kile kinakutisha. Mwenzangu wa meza ya kukunjia, mama mmoja mrefu asiyesema sana, alikuwa na simu mfukoni mwa aproni yake inaimba. Kumbe ilikuwa ikiimba siku zote. Tulikuwa tumeshika shuka, yeye ncha zake, mimi ncha zangu.

Nikamuuliza, "Nani huyo?"

Akanitazama. "Huyo ni Kalamu. Huo ni 'Sikuaga'."

Nikasema, "Ah."

"Hujawahi kuusikia?"

Nikainyoosha ncha yangu ya shuka. Akasema pole pole, bila hasira, "Miezi yote hii unatuchekesha na wino wako, kumbe hujawahi kuusikia." Akavuta ncha zake tukaendelea kukunja.

Haimbi chini kwa sababu ameshindwa, Mjomba. Anaimba kama mtu aliyekaa karibu nawe, hana haja ya kupaza. Sisemi nyimbo zote ni nzuri. Kuna mbili tatu zinazonichosha, na bado natamani angetupa mmoja wa kucheza. Lakini ule wimbo nilisimama na shuka mkononi mpaka ukaisha, na sikuwa na pa kuangalia.

Nimekudanganya, wewe usiyeweza kuhakikisha mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma. Mwingine angesikiliza mwenyewe akaniona mjinga, ikaisha. Wewe uliyachukua maneno yangu.

Niambie hukumwambia mtu.

Kipaza


25 Juni

Kipaza,

Nafurahi mama yako anatembea. Mke wangu anamsalimu.

Nilimwambia mtu. Nilimwambia Kalamu.

Nilikuficha, sasa nakueleza. Alikuja kujaribu gauni la kufungulia ziara, la bluu, bado likiwa na pini. Alisimama mbele ya kioo, mimi nimepiga magoti nashika pindo. Nikamwona midomo inatikisika kwenye kioo: "Fundi, umeisikiliza?"

Hapo, Kipaza, palikuwa na jibu jepesi. Ningesema, "Dada yangu, mimi sisikii tena." Maneno machache tu. Lakini niliona nikiyasema nitakuwa mzee mmoja kiziwi mwenye pini mdomoni. Na barua yako ilikuwa mfukoni.

Nikasema, "Nimeisikiliza."

"Enhe?"

"Unataka ukweli?"

"Wewe hujawahi kunipa kingine."

Nikasema, "Sauti imekwisha. Kile kilele hukifikii tena." Kama vile mimi ndiye niliyekaa kusikiliza! Akauliza, "Hata 'Sikuaga'?" Nikamwambia, "Huo ndio mbaya kuliko zote." Halafu, nisamehe, nikaongeza na lile la wino. Lilikuwa tamu mdomoni. Sikujua kuwa lilikwisha kumfikia kutoka redioni, mpaka nilipoona uso wake ukilitambua.

Akaingia nyuma ya pazia, akalivua gauni polepole ili pini zisidondoke, akalikunja, akaliweka juu ya meza. Akasema, "Asante, Fundi. Wengine nilidhani ni wivu." Akaondoka. Nimesikia, yaani nimeambiwa, kwamba ameutoa wimbo ule kwenye ziara, na anapanda na magauni ya zamani.

Nilipopata barua yako ya juzi nilikasirika. Nisikudanganye, nilikasirika nawe mpaka nikakata kitambaa cha mteja upande usio wake. Halafu nikajiuliza, wewe hukusikia ukasema umesikia. Na mimi je? Tofauti yetu ni kwamba wewe ulikuwa unachekesha watu wa mbali. Mimi nilimwambia mwenyewe, nimepiga magoti miguuni pake.

Gauni la bluu liko hapa. Sijui nilifanye nini. Mke wangu anasema niende kwake. Mimi naona nikienda nitaomba msamaha wa kitu kimoja na kufichua kingine. Wewe unasemaje? Na safari hii fikiri kabla hujaandika.

Mjomba wako


14 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimefikiri. Ulivyoniomba nifikiri nilistahili.

Nenda. Sina haki ya kukushauri, lakini nenda. Ungeyaona yaliyonikuta Jumapili, usingeuliza.

Kalamu alikuja huku. Ukumbi ule wa mkutano, saa za alasiri. Kundi letu lote lilienda, Mwenyekiti na kofia yake, maana hata wanaomsema hawawezi kukosa. Ukumbi haukujaa. Alipanda na gauni la njano, lile la zamani, na limemlegea kidogo mabegani. Nilijua ungeliona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Aliimba za zamani, watu wakacheza. Alipojaribu moja ya mpya, mtu wa nyuma akapiga kelele, "Wino!" Wengine wakacheka. Akapiga tena, "Wino! Mtilieni wino!" Kabla wimbo haujaisha safu nzima ilikuwa inaimba neno langu kwa kupiga makofi. Neno langu, Mjomba. Walikuwa wanalijua vizuri kuliko nyimbo zake. Mwenyekiti akanigeukia akanipa mkono, kana kwamba nimefunga goli.

Kalamu akasimama mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Haya, niambieni wimbo mnaoutaka." Wakamtajia za zamani, moja baada ya nyingine.

Nikasema moyoni, sasa. Mimi Kipaza, niliyefungisha majirani madirisha. Nikafungua mdomo, sauti ikatoka kama ya kifaranga. "Sikuaga." Waliokuwa karibu wakageuka. Nikasema tena, kwa nguvu, "Sikuaga! Tuimbie 'Sikuaga'!"

Wakaangua kicheko. Walidhani nafanya mzaha. Mwenyekiti alijishika mbavu, "Kipaza leo utatuua!" Nikamwambia, "Sitanii." Akazidi kucheka. Na nikaona Kalamu ameelekeza uso wake upande wetu, anatafuta ni nani. Sijui alichokiona. Kundi la watu wanacheka, na mimi katikati yao.

Akasema kwenye kipaza sauti, "Huo nimeuacha nyumbani." Akaanza wa kucheza, na watu wote wakacheza. Nilisimama. Kila aliyepita ananigonga bega, "Cheza basi!"

Nimejitoa kwenye kundi. Kabla ya kutoka niliandika kwamba nililisema neno lile bila kuisikiliza albamu. Wakajibu kwa picha za kucheka. Nadhani nalo waliliona utani. Ndivyo ilivyo, nimewafundisha mwenyewe kwamba kila nikisemacho ni cha kuchekwa.

Ukienda kwake, usinifiche. Mwambie neno lile ni la nani.

Kipaza


20 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima. Mama yako ameniandikia mwenyewe, mistari miwili, kwamba huli vizuri. Kula. Aibu haipungui kwa njaa.

Nilienda. Nililibeba gauni la bluu begani nikipita mtaani nalo kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Nilimkuta uani anaanika nguo. Hakunikaribisha kiti, na hakunifukuza. Nikamwambia, "Nimekuja kusema kitu kabla sijaogopa. Albamu yako sikuisikia. Mimi sisikii tena. Maneno niliyokupa yalikuwa ya mpwa wangu, naye hakuwa ameisikia. Mtu asiyejua aliazima kwa mtu asiyejua, akakuletea kama ukweli."

Aliendelea kuanika. Kisha akanigeukia ili niuone mdomo wake, na hapo ndipo nilipojua.

"Fundi, unadhani sikujua kuwa husikii?"

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Zamani ulikuwa ukishona unapiga mluzi wa nyimbo zangu. Ukaacha. Halafu ukaanza kunitazama mdomo kama mtoto anayengoja kulishwa."

"Sasa kama ulijua, kwa nini uliniuliza mimi?"

Akasema, nami nilisoma kila neno, natamani nisingesoma: "Kwa sababu hiyohiyo. Kila mwenye masikio alikuwa na la kusema. Nilitaka mtu mmoja aniambie, 'Dada, mimi sijui,' tucheke, unipime kiuno, niende zangu. Nikamchagua kiziwi. Kiziwi naye akaenda kuazima masikio."

Kipaza, nimeishi miaka mingi na nimeona haya mbele ya watu wengi. Sijawahi kuona haya kama pale, nimesimama na gauni la mtu begani katikati ya shuka zake zilizolowa. Nikachukua vibanio nikaanza kumsaidia kuanika, kwa kuwa mikono angalau ilikuwa na cha kufanya. Hakunikataza.

Tulipofika mwisho wa kamba nikamwambia, "Sauti siwezi kuijua tena. Maneno naweza. Niambie maneno ya 'Sikuaga'."

Akasogea, akayasema taratibu, bila kuimba, nadhani, maana shingo yake haikutikisika. Na nimeyasoma. Ni habari ya siku alipoambiwa nyuma ya pazia kwamba mama yake amefariki, watu wamejaa ukumbini, akapanda hivyohivyo akaimba wimbo wa furaha, na watu wakacheza. Ndivyo unavyokwenda. Hajilaumu sana, wala hatulaumu. Anahesabu tu rangi za nguo za waliokuwa wakicheza.

Nilikuwepo siku ile. Ilikuwa siku ya kwanza ya gauni la njano, nilienda kuona linavyokaa. Nilicheza mpaka nikalowa jasho.

Sikumwambia. Anajua, yumo mwanamume mwenye shati la mistari kwenye ubeti wa pili.

Alipomaliza akaniuliza, "Haya, Fundi?" Safari hii nilifikiri. Nikamwambia ni maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika, ila ubeti wa mwisho ni mrefu, unaeleza lililokwisha kueleweka. Akakataa. Nami nikashikilia. Akaniita mshona viraka. Tukabishana juu ya ubeti ule mpaka nguo zikaanza kukauka, na katikati ya kubishana nikaona amekaa, na amenisogezea kiti.

Gauni nimemwachia. Sijamuuliza kama atalivaa, wala kama ataurudisha wimbo jukwaani. Sikuwa na uso wa kuuliza lolote.

Nilimwambia habari zako, kama ulivyotaka, bila kukupunguzia. Neno la wino ni lako, na huko ukumbini ulikuwepo. Akauliza, "Yule aliyeuomba wimbo, wenzake wakacheka. Alikuwa ananidhihaki?"

Nikasema, "Hapana. Safari ile hakuwa anadhihaki."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Mwambie nilimsikia."

Ni hilo tu. Hakusema amekusamehe, na mimi sitakuongezea neno ambalo hakulisema. Nimekuandikia kama lilivyotoka mdomoni mwake.

Mjomba wako, Fundi